Programu za chinichini: mtafute mhusika kabla ya kuzifunga zote

Shangazi yangu alifika dukani kabla sijamaliza kuweka karatasi kwenye mashine ya kopi. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu", akaweka simu juu ya kaunta. "Jana jioni nimeweka bando la wiki. Nimelala, simu iko pembeni, sijaigusa. Asubuhi naletewa ujumbe limekwisha. Na mimi kila nikimaliza nazifunga zote, natelezesha mpaka panabaki peupe."

Duka langu ni la steshenari, Tanga, karibu na stendi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu mtandaoni. Sikulifungua kwa ajili ya kutengeneza simu, lakini siku mbili hazipiti bila mtu kuniletea simu au laptopu yenye malalamiko ya namna hii. Malalamiko yanafanana, na dawa ambazo watu wamekwisha kujipa nazo zinafanana: kufunga kila kitu, au kupakua programu ya "kusafisha simu". Karibu kila mara dawa hiyo haikugusa ugonjwa. Mara nyingine imeuongeza.

Programu inayofanya kazi chinichini, yaani huioni kwenye kioo lakini iko macho, inaweza kula vitu vinne: chaji, bando, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi) na nguvu ya prosesa (ubongo wa simu). Kila dalili inaelekeza kwenye kimoja kati ya hivyo. Na simu yako ina daftari lake inamoandika nani amekula nini. Soma daftari kwanza, halafu ndipo uanze kufunga.

Kwa nini kutelezesha zote hakusaidii

Orodha unayoiona ukibonyeza kitufe cha mraba, au ukipandisha kidole kutoka chini ya kioo, haionyeshi programu zinazofanya kazi sasa hivi. Inaonyesha ulizofungua karibuni. Nyingi kati yake zimelazwa: zimekaa kwenye RAM, haziigusi prosesa. RAM iliyojaa haimalizi chaji kuliko RAM tupu. Ukiiondoa WhatsApp pale kisha ukaifungua tena baada ya dakika tano, simu inalazimika kuisoma upya yote kutoka kwenye hifadhi, na kazi hiyo ni kubwa kuliko kuiamsha. Anayepikia mkaa analijua hili: makaa uliyoyafukia kwenye majivu unayapepea kidogo tu yanashika, lakini ukiyamwagia maji unaanza upya na mkaa mwingine.

Mwaka 2016 mteja mmoja wa Apple aliuliza kwa barua pepe kama ni lazima afunge programu mara kwa mara ili kutunza chaji. Craig Federighi, mkuu wa upande wa programu katika kampuni hiyo, alimjibu kwamba hapana. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akisimamia Android kule Google, akasema Android nayo ni hivyo hivyo.

Tena simu zimezidi kuwa kali kwa programu zilizosahauliwa. Android 6 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu wa kuilaza simu nzima ikiwa imetulia mezani kioo kikiwa kimezimwa. Programu zinaruhusiwa kuamka kwa vipindi tu. Android 8, mwaka 2017, ikazibana programu ambazo hujazifungua zisiendeshe kazi chinichini zinavyotaka. Android 9 ikaanza kujifunza mazoea yako na kuzinyima nafasi zile usizozitumia. Kwa hiyo inayokula usiku kucha kwa kawaida siyo ile uliyosahau kuifunga. Ni ile uliyoipa ruhusa: ya kupakia picha mtandaoni, ya kufuatilia mahali ulipo, ya kujiendesha bila vikwazo. Ukiitelezesha inarudi yenyewe, kwa sababu ruhusa yake iko pale pale.

Programu za kusafisha simu nazo nyingi zinaishi kwa kukesha chinichini. Zinaonyesha matangazo, zinaua programu nyingine, hizo zinafufuka, zinauliwa tena. Simu ya mtu ikiwa na mbili za namna hiyo, mimi naanza kwa kuzitoa zote mbili kabla ya kupima chochote.

Kutelezesha kuna mahali pake: programu imeganda, au ramani bado inakuelekeza njia na wewe umeshafika. Hapo ifunge hiyo moja.

Chaji inashuka simu ikiwa imelala

Fungua Mipangilio, ingia Betri, tafuta matumizi kwa kila programu. Usiangalie asilimia peke yake. Gusa jina la programu uone muda iliotumia kwenye kioo na muda iliotumia chinichini. Programu ya video yenye asilimia 30 na saa tatu kwenye kioo haina kosa, umeitazama mwenyewe. Yenye dakika nne kwenye kioo na saa tano chinichini, hiyo ndiyo ya kuhoji. Muziki na simu za WhatsApp ni tofauti, maana ni haki yake kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa. iPhone nayo inakupa hesabu hiyo hiyo ukigusa jina kwenye ukurasa wa betri.

Kama daftari halimtaji mtu waziwazi, fanya jaribio la usiku tatu. Halina gharama, na limenisaidia kuliko programu yoyote ya kupima betri.

Usiku wa kwanza lala na simu kama kawaida, bila kuichaji, ukiandika asilimia kwenye karatasi. Asubuhi andika tena. Simu nzima iliyolala hupoteza asilimia chache tu. Ikipoteza 25 au 30, kuna anayekesha. Usiku wa pili weka hali ya ndegeni (kengele ya kuamkia italia kama kawaida, ila hutapigiwa simu, kwa hiyo usilifanye ukiwa na mgonjwa unayesubiri habari zake). Kama chaji sasa imebaki, mla chaji anahitaji mtandao: ama programu inayopakia na kupakua, ama mtandao wenyewe ni dhaifu, nitalieleza hili punde. Kama chaji imeshuka vile vile, usiku wa tatu iwashe simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza na kushikilia kidole kwenye alama ya kuzima iliyo kwenye kioo mpaka uulizwe. Hali hiyo inazisimamisha programu zote ulizopakua na kubakiza zilizokuja na simu. Chaji ikikaa, mhusika ni mojawapo ya ulizopakua. Anza na za karibuni, ondoa moja, lala nayo. Chaji ikizidi kushuka hata hapo, mara nyingi ni betri yenyewe imechoka, na hakuna mpangilio utakaoiponya.

Sasa mtandao dhaifu. Mwalimu mmoja anayefundisha milimani Usambara alinilalamikia kwamba simu yake inazima saa saba mchana akiwa shuleni, lakini akishuka mjini inafika usiku. Alishafuta programu kumi na kitu, hadi za watoto. Daftari la betri lilipofunguliwa, juu kabisa ilikuwa kazi ya mtandao wa simu yenyewe. Ana laini mbili, na mtandao wa moja haushiki kabisa pale shuleni. Simu inashinda ikiutafuta, na kila inapoutafuta inatumia nguvu kubwa zaidi kuliko ikiwa karibu na mnara. Tuliizima ile laini ya pili kwenye mipangilio ya laini, bila kuitoa, aiwashe tu akishuka mjini. Kama uko mahali ambapo 5G inakuja na kupotea, kuichagulia simu 4G kunafanya kazi hiyo hiyo. Watu wengi wanazilaumu programu kwa kosa la mnara ulio mbali.

Mahali ulipo pia hula sana. Tangu Android 10 unaweza kuiambia programu ijue ulipo wakati unaitumia tu. Pitia orodha ya ruhusa ya mahali, na kila iliyopewa "wakati wote" jiulize sababu. Ya kumfuatilia mtoto au gari, sawa. Ya tochi au ya mkopo, hapana.

Ukishampata, usikimbilie kuifuta. Android 12 na kuendelea inakupa ngazi tatu za betri kwa kila programu: isibanwe, ibanwe kwa kiasi, ibanwe kabisa. Ipeleke ya tatu, uione kwa siku mbili. Kwenye iPhone, zima kujisasisha chinichini kwa hiyo programu peke yake. Hali ya kutunza chaji inazima kwa zote kwa mpigo, lakini nayo ni ya muda.

Bando linaisha na sijafanya kitu

Simu ya shangazi. Nilifungua Mipangilio, mtandao, matumizi ya data kwa kila programu. Android inagawa mara mbili: data uliyotumia ukiwa unaitazama programu, na data ya chinichini. Kwenye orodha yake kulikuwa na programu ya kuhifadhi picha mtandaoni ambayo yeye haijui hata jina, data sifuri kwenye kioo, na bando karibu lote chinichini. Jumamosi alikuwa amerekodi harusi ya binti yake, video ndefu ndefu. Programu ile ilikuwa na ruhusa ya kupakia kwa data ya simu. Usiku simu ikawekwa kwenye chaji, ikatulia, ikaona huo ndio wakati wake.

Alichokuwa akikifunga kila jioni hakikuwa na uhusiano wowote na hilo. Tulibadilisha mpangilio mmoja tu: ipakie kwa Wi-Fi peke yake. Video tulizihamishia kwenye kompyuta yangu kwa waya.

Wahusika wengine ni wale wale, na mipangilio yao inatafutwa mara moja tu. Play Store: chagua programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu. WhatsApp: ingia hifadhi na data, uondoe alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka upande wa data ya simu, mwenye makundi ya ukoo, ya kanisa na ya mtaa ataona tofauti siku hiyo hiyo. Kisha kwenye mipangilio ya mazungumzo ya WhatsApp hiyo hiyo hakikisha nakala ya mazungumzo haihifadhiwi kwa data ya simu, hasa kama umeruhusu video ziingie kwenye nakala. Kisha washa kiokoa data, uziruhusu tatu au nne unazozihitaji kweli. iPhone ina hali ya data kidogo tangu iOS 13, na ina kitu kimoja kinachowashangaza wengi: Wi-Fi ikiwa dhaifu inaweza kurukia data ya simu kimya kimya. Kinazimwa chini kabisa kwenye ukurasa wa data ya simu. Hesabu ya data ya iPhone haijifuti kila mwezi, kwa hiyo ifute wewe siku unayoweka bando, la sivyo unasoma ya tangu mwaka juzi.

Mtego upo kwenye hilo neno "Wi-Fi tu". Simu na kompyuta huiona Wi-Fi kama kitu cha bure. Lakini ruta ndogo ya mfukoni yenye laini ndani yake ni Wi-Fi, na hotspoti ya simu ya mwenzako ni Wi-Fi, na zote mbili zinakula bando. Simu ya Android ikiunganishwa na hotspoti ya Android nyingine huwa inatambua yenyewe kwamba data hii inalipiwa. Ruta ya mfukoni haiwezi kukuhakikishia hilo. Ingia kwenye jina la mtandao huo wa Wi-Fi, utafute mahali pa kuueleza kuwa unapimwa, yaani data yake inalipiwa, uchague hivyo. Wanaoumia zaidi kwa mtego huu ni wenye laptopu, na ndiyo maana nimewawekea sehemu yao huko chini.

Ujumbe hauingii mpaka nifungue programu

Huu ni ugonjwa wa upande wa pili, na mara nyingi mtu ameusababisha mwenyewe akitibu ule wa kwanza. Dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu aliniambia wenzake kijiweni wanaitwa na yeye haitwi. Alikuwa amewasha kiokoa betri muda wote, na kila baada ya safari anatelezesha kila kitu.

Programu nyingi haziulizi mtandao kila dakika kama kuna ujumbe. Simu inashika njia moja tu ya pamoja, ya Google kwenye Android na ya Apple kwenye iPhone, na ujumbe ukifika njia hiyo inaiamsha programu husika. Ni utaratibu mwepisi sana kwa chaji. Lakini kwenye Android, programu uliyoilazimisha kusimama haiamshwi na njia hiyo mpaka uifungue tena kwa mkono wako. Na kwenye baadhi ya simu kuitelezesha tu kwenye orodha kunahesabiwa kuwa umeilazimisha kusimama.

Kwa hiyo kagua hivi. Kiokoa betri kimewashwa? Kiokoa data kimewashwa na programu hii haikuruhusiwa? Kwenye betri imewekwa ibanwe kabisa? Simu za Tecno, Infinix na itel huja na Phone Master, ambayo ina mahali pa kuruhusu programu ijiwashe yenyewe. Xiaomi wana mpangilio kama huo. Samsung wana orodha ya programu zilizolazwa na nyingine zilizolazwa usingizi mzito; iondoe humo, uiweke kwenye zile zisizolazwa kamwe. Kwa yule dereva tuliifungulia vikwazo programu ya abiria na WhatsApp, mbili tu, tukaziacha nyingine zote zibanwe.

SMS za pesa za simu hazimo kwenye hesabu hii. Zinapita njia ya kawaida ya SMS na hazisimamishwi na kiokoa data. Zikichelewa, tazama mtandao au nafasi ya simu.

Jambo jingine linalochanganya: kuanzia Android 11, programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa inanyang'anywa ruhusa zake, na Android 12 ikaongeza kuilaza kabisa. Programu ya kumkumbusha mzee dawa, ambayo yeye haifungui bali anasubiri tu ilie, iondolee mpangilio huo wa kubanwa isipotumika. Uko kwenye ukurasa wa programu yenyewe, chini.

Simu ni nzito, au fomu inaanza upya

Hii naiona kila wiki. Mtu anajaza fomu kwenye kivinjari, anafika pa kuweka picha, kamera inafunguka, anapiga, anarudi, na fomu imeanza upya tupu. Analaumu tovuti. Kwenye simu ya GB 2 za RAM, kamera ikifunguka inataka nafasi kubwa ghafla, na mfumo unakiua kivinjari ili kuipata. Piga picha kwanza, funga kamera, ndipo ufungue fomu na kuchagua picha iliyokwisha kuhifadhiwa. Hapa ndipo kufunga programu nyingine kabla ya kuanza kunasaidia kweli.

Usichanganye RAM na hifadhi. RAM ni meza ya kufanyia kazi, hifadhi ni kabati. Simu ambayo kabati lake limejaa pomoni inakuwa nzito hata kama hakuna kinachoendeshwa chinichini. Iachie angalau sehemu moja ya kumi wazi. Na ile RAM ya kuongeza ambayo wauzaji wanaisifia, GB 4 ikawa 8, ni kipande cha kabati kinachotumika kama meza. Inasaidia programu zikae zaidi bila kuuliwa, lakini haiifanyi simu iwe na kasi, maana hifadhi ni ya polepole kuliko RAM. Ukiwa na simu ndogo, Facebook Lite na Opera Mini zitakufaa kuliko mpangilio wowote.

Simu ya moto mfukoni, matangazo yanajitokeza yenyewe

Joto bila wewe kutumia, pamoja na matangazo yanayofunika kioo hata ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo, ni dalili ya programu mbaya. Ili kuijua, subiri tangazo litokee, kisha kabla ya kulifunga bonyeza kitufe cha orodha ya programu. Tangazo litaonekana kama kadi, na juu yake pana alama ya programu iliyolileta. Ishikilie alama hiyo, ingia kwenye taarifa zake, iondoe. Ikikataa kuondoka, imejipa usimamizi wa kifaa. Nenda kwenye usalama, uifutie mamlaka hayo kwanza. Pitia pia nani ana ruhusa ya kuonyesha juu ya programu nyingine na nani anatumia huduma za ufikivu (zile za kuwasaidia wenye ulemavu). Mara nyingi mwenye kosa aliingia kwa faili lililotumwa kwenye kundi, nje ya Play Store, likiwamo toleo la WhatsApp lililochezewa. Matoleo hayo naomba usiyatumie kabisa. Unampa mtu usiyemjua mazungumzo yako yote.

Laptopu

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager inafunguka. Gusa kichwa cha safu ya prosesa, kisha memori, kisha diski, uone anayepanda juu kila mara. Lakini mpe dakika kumi au kumi na tano tangu kuwasha. Muda huo kinga ya virusi inakagua, Windows inapanga faharasa ya utafutaji, masasisho yanatafutwa. Kelele za feni za wakati huo zitapita. Mashine iliyokaa wiki mbili bila kuwashwa itakuwa na nyingi zaidi.

Kama baada ya hapo bado diski iko 100% na kila kitu kinaburuta, uliza kwanza diski ni ya aina gani. Laptopu nyingi zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai zina diski ya kuzunguka na GB 4 za RAM. Nimepoteza saa nyingi huko nyuma nikizima huduma moja baada ya nyingine kwenye mashine kama hizo, na kilichoziponya mwishowe kilikuwa SSD, yaani diski isiyozunguka. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu, badili diski.

Kompyuta inayochelewa kuwaka tazama orodha ya programu zinazoanza pamoja nayo, iko humo humo kwenye Task Manager. Zima za muziki, za mikutano, za michezo, za kusasisha printa. Acha kinga ya virusi, sauti na padi ya kipanya. Kuzima hapo hakuifuti programu. Utaifungua mwenyewe ukiihitaji. Usikate kazi zenye majina ya mfumo usiyoyajua. Nyingine ukizikata mashine inajizima papo hapo.

Kivinjari ni suala lake peke yake. Chrome inaweza kuendelea chinichini hata baada ya kufunga dirisha la mwisho, na swichi ya kuizuia iko kwenye mipangilio yake, upande wa mfumo. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo iliyopachikwa kwenye kivinjari) kimekula memori kiasi gani. Nimewahi kukuta kiendelezi kimoja cha kubadilisha PDF kinakula kuliko vichupo kumi vya mwenye mashine.

Sasa bando. Mwanafunzi wa chuo aliunganisha laptopu kwenye hotspoti ya simu yake atume kazi ya kurasa kumi na mbili, GB 5 zikaisha kabla hajaituma. Kwa kompyuta ile hotspoti ilikuwa Wi-Fi ya kawaida, na ilikuwa na masasisho ya miezi miwili na folda nzima ya kupakia mtandaoni. Ukiunganisha Windows na hotspoti au ruta ya bando, kabla ya kufungua chochote ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi na uwashe swichi ya mtandao unaopimwa. Windows inakumbuka kwa jina la mtandao, kwa hiyo unafanya mara moja. Masasisho mengi yatasubiri na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itasimama yenyewe. Kisha kwenye masasisho ya Windows zima kipengele cha kugawana masasisho na kompyuta nyingine, kwa sababu nacho kinaweza kupakia kwa bando lako. Ukitaka kumwona mlaji akiwa kazini, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafuta na ufungue upande wa mtandao.

Ila usiiache kompyuta isisasishwe milele. Tafuta siku moja kwa mwezi penye Wi-Fi ya ofisi au chuo, iache ishushe ya usalama. Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwenye Mac kazi hiyo inafanywa na Activity Monitor, upande wa nishati, na vitu vinavyoanza ukiingia viko kwenye mipangilio ya jumla. Ukiona mds_stores juu baada ya kusasisha, ni Spotlight inapanga faharasa, iache imalize. kernel_task ikipanda, mashine inajizuia isipate joto. Angalia iliko, labda iko juu ya godoro.

Ikiwa hakuna mhusika

Jaribio la usiku tatu likishindwa, mara nyingi ni betri. iPhone inakuonyesha afya yake kwenye mipangilio. Kwa iPhone 14 kurudi nyuma Apple inakadiria betri kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na kwa 15 kuendelea mara 1000. Kwa Android tazama tabia: inazima ikiwa na asilimia 20, au inaruka kutoka 60 hadi 35 ndani ya dakika. Kama mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimeachana na fremu, betri imevimba. Hapo usiichaji tena, usiibonyeze, usilale nayo chumbani. Ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo pamoja na karatasi yako ya asilimia za usiku tatu, umwombe akuonyeshe betri ya zamani akishaitoa.